Pikipiki Waliyotaka Kuikata

Vijana wangu wa gereji, siku ya kuniaga mlinipikia pilau, mkanifunga leso mabegani, halafu mmoja wenu akasimama akasema, "Mama Mwende sasa apumzike, ametumika vya kutosha." Pilau nilikula. Leso ninayo. Lakini hiyo ya kupumzika sikuiitikia, na kama mliona nimetikisa kichwa, nilikuwa nafukuza nzi. Goti la kulia limekataa kuchuchumaa, ndiyo maana nimeweka spana chini. Kuendesha sijaacha. Atakayeniuliza nitaacha lini, na yeye aniambie ataacha lini kupumua.

Mliniomba niandike mambo ya kazi. Mshahara siuandiki, ulikuwa mdogo na uliisha. Vyeo havikuwepo, kwenye gereji ya watu watatu mkubwa ni yule anayeshika ufunguo. Nitaandika ya pikipiki, na hasa ile ya Kiingereza iliyoko kwangu ambayo mnaizunguka kama mbwa mgeni. Kila mtu Machakos ana hadithi yake juu ya hiyo pikipiki na ukoo wa marehemu mume wangu. Wengi hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Nilianza kwa Fundi Athumani mwanzo wa miaka ya tisini, pale nyuma ya msikiti. Babu yake alitoka pwani akaoa huku, na Athumani mwenyewe akikasirika alitukana kwa Kikamba safi kuliko mimi. Nilipoingia kuomba kazi alinitazama, halafu akatazama nyuma yangu aone ni nani amenileta. Hakukuwa na mtu.

"Kazi ya kuuza chai?" akauliza.

"Ya spana."

"Umewahi kushika spana wewe?"

"Kwani wewe ulizaliwa umeishika?"

Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Haya bibiye, ingia. Ukitaka kulia, lia nje. Hapa ndani kuna petroli."

Siku hiyo ya kwanza niliosha nati na bolti kwa mafuta ya taa tangu asubuhi mpaka mikono ikaanza kuchubuka. Kisha akanipa masanduku mawili ya spana nizitenganishe: za Kijapani huku, za Kiingereza kule. Za Kijapani ni za milimita, za Kiingereza ni za inchi, na zote zikiwa nyeusi kwa grisi zinafanana. Mtu mwenye haraka huchukua inayokaribia kutosha, anavuta kwa nguvu, na nati inabaki duara. Athumani alisema spana ya kukaribia ni kama bwana harusi wa kukaribia: utajua ukishavuta. Mpaka leo nikimwona mtu anapiga spana kwa nyundo ili iingie, natoka nje nisije nikafungwa.

Wateja walikuwa na maneno. Mfanyabiashara mmoja alisema wazi, "Huyo msichana asiguse yangu." Athumani hakuinua kichwa. "Basi isukume mpaka Nairobi," akamwambia, "huko hakuna wasichana." Yule bwana aliketi akangoja. Nilimfungia breki zake, na sikumwambia asante alipoondoka, kwa sababu hakuniambia yeye.

Athumani hakuwa mvutaji, lakini mfukoni hakukosa karatasi nyembamba za kusokotea sigara. Pikipiki za zamani zina magneto, yale makorokoro yanayotengeneza cheche bila betri, na ndani kuna pointi mbili ndogo zinazofunguka na kufungana. Unaweka karatasi katikati, unazungusha injini polepole kwa mkono huku ukivuta karatasi taratibu. Ikiachiliwa tu, hapo ndipo cheche inapotoka, na hapo ndipo unapofunga taimingi, yaani saa ya cheche. Nimeona mashine za kisasa za kupima hayo. Ziko sawa. Karatasi pia iko sawa, na haihitaji umeme.

Jambo moja zaidi alinifunza, na hili ndilo mlishike hata mkisahau mengine yote. Alikuwa na sheria ya vipuri vya zamani: usichukue kipuri kwa mtu ambaye kinamfanyia kazi mpaka umemwachia kitu kingine kinachofanya kazi hiyo hiyo. Watu wetu hawatupi chuma. Pikipiki ikifa, sehemu zake hupata kazi nyingine nyumbani. Ukitaka springi inayofunga mlango wa jiko la mtu, kwanza mfungie mlango wake. Athumani aliita hiyo "kutoacha shimo". Wenzake walimcheka kwamba anachelewesha kazi. Kweli alichelewesha, ila hakuna boma alilofukuzwa.

Kesi ngumu ya kwanza niliyoachiwa peke yangu ilikuwa ya bwana mifugo, afisa aliyekuwa akizunguka Yatta kutibu ng'ombe. Pikipiki yake ilikuwa ikimzimikia kila mara kwenye kona moja kabla ya Katangi, mbele ya boma la mama mzee aliyeishi peke yake. Tulimwita Mwaitu Kamene, mwaitu kwetu ndiyo mama. Watu walishaamua kwamba huyo mama ni mchawi na ndiye anayeizima. Bwana mifugo akishazimikiwa alikuwa anafungua kifuniko cha tangi aone kama mafuta yamo, anakifunga, anaomba Mungu, anapiga kiki, na pikipiki inawaka. Kwa hiyo alikuwa na hakika ya mambo mawili, uchawi upo na maombi yanafanya kazi.

Nilibadilisha plagi, nikaosha kabureta, nikamrudishia. Ikazima tena, kona ile ile. Athumani akaniambia, "Ipande mwenyewe mpaka ikufie. Mgonjwa hatibiwi kwa kuhadithiwa." Nikaipanda. Ikanifia mbele ya boma la Mwaitu Kamene kama ilivyoahidi, na mwenyewe akatoka na fimbo.

"Hata wewe umekuja kuniita mchawi?"

"Nimekuja kuomba maji, Mwaitu."

Akanionyesha pa kunawa mikono, na hapo nilisahau kilichonileta. Kwenye nguzo ya jiko alikuwa amening'iniza tangi la pikipiki ya Kiingereza, pana, lenye mabega, na bomba lake dogo la petroli bado liko. Unafungua bomba, maji yanachirizika, unanawa. Nilinawa mara mbili. Kisha nikarudi kwa ile pikipiki iliyokufa, nikafungua kifuniko cha mafuta, nikasikia hewa ikivutwa ndani, fyuuu. Nyigu alikuwa ameziba kwa udongo kile kitundu cha kupitishia hewa. Hewa isipoingia, petroli haishuki, na umbali kutoka mjini mpaka kona ile ndio uliokuwa unatosha kuizima pikipiki. Akifungua kifuniko hewa inaingia, na maombi yanajibiwa. Nilichomoa udongo kwa pini ya nywele.

Nilisimulia habari ya nyigu kila soko nililofika, ili jina la yule mama lisafike. Wapi! Watu waliipenda hadithi yao kuliko yangu. Waliendelea kumwogopa mpaka akafa, Mungu amrehemu, na mimi nilikasirika sana kwa ajili yake. Baadaye hasira ilipungua, mtaona kwa nini.

Kuanzia siku ile tangi halikunitoka kichwani. Nikaanza kuuliza kila mteja: umewahi kuona chuma cha namna hii? Baada ya mvua za El Nino, barabara zilipokuwa zimeliwa na pikipiki peke yake ndizo zinapita, nilifika mahali ambapo gari lilikuwa halijafika kwa miezi. Huko Ndithini nilimkuta Katekista Petero, mzee wa Kikatoliki mwenye mbuzi wengi. Lango la zizi lake lilikuwa fremu ya pikipiki ya Kiingereza, na gurudumu la mbele bado limefungwa kwake, kwa hiyo lango lilifunguka kwa kubingirika. Nilisimama nikacheka peke yangu mpaka akadhani nimepagawa. Nyuma ya zizi alikuwa na gurudumu la pili, kuku wanalalia. Injini niliipata Ekalakala kwa Mzee Nzioka, inavuta maji ya mto kupeleka kwenye nyanya, inanguruma pale kwenye matope kama imezaliwa hapo.

Sikuacha shimo. Mwaitu Kamene nilimwekea mtungi mpya wenye bomba. Katekista nilimchomelea lango la vyuma, na kwa kuwa alisikitika kukosa lile la kubingirika, nalo nikaliwekea gurudumu la toroli. Mzee Nzioka nilimletea pampu ya Kijapani, nikaifunga mwenyewe nyanya zikinywa maji, ndipo nikaondoka na injini yake. Kuiunganisha pikipiki ilichukua miaka. Magneto nilipewa na Athumani, alikuwa ameihifadhi kwenye mkebe wa majani chai. Ilipowaka mara ya kwanza, Athumani alivua kofia. Tuliiita Mwingereza, na mkaidi alikuwa kuliko wale walioondoka. Ukimpiga kiki bila kurudisha nyuma wenzo wa taimingi, alikurudishia teke la kifundo cha mguu ukamjua mama yako.

Sasa nimwingize Ndolo, mume wangu, kwa sababu bila yeye nisingethubutu mashindano. Alikuwa na kinu cha kusaga mahindi, mtu mpole, mweupe kwa unga kutoka kichwa mpaka viatu. Tulipooana alikuwa anakaa nyuma yangu kwenye pikipiki hadharani, amenishika kiuno, tunakwenda sokoni. Wanaume walipiga mluzi. "Ndolo, unabebwa na bibi!" Naye aliwapungia mkono. "Mimi niko na dereva," aliwaambia. "Nyinyi mnatembea."

Wapenda pikipiki za zamani kutoka Nairobi walikuwa na mashindano yao ya kupanda mlima, na mwaka mmoja wakayaleta barabara ya Iveti. Nilijiandikisha. Yule wa mezani alitazama jina, akauliza dereva yuko wapi. Nikamwambia anamtazama. Akauliza kama nina ruhusa ya mume. Ndolo akainama pale mezani na unga wake, akamwambia, "Aki mzee, mimi ndiye naombaga ruhusa."

Mwaka huo niliingia mtaroni kona ya pili, nikafika juu wa mwisho, wenzo wa klachi uko mfukoni. Mwaka uliofuata sikuwa wa mwisho. Mwaka wa tatu na Mwingereza niliwapita wote isipokuwa mzungu mmoja, na huyo mzungu akaja kunipa mkono. Siwezi kuwaeleza vizuri. Barabara inapanda, kona inakuja, unajua hasa wakati wa kufunga petroli na wakati wa kufungua, na mlima wote ni wako. Kwa hilo sitaomba mtu msamaha.

Halafu Ndolo akaugua, na ugonjwa haukukaa. Tulimzika mwezi wa mvua. Nililia, mjue, nililia mpaka sauti ikakauka, maana yule mtu alikuwa ananipenda bila kutaka nipunguzwe. Siku chache baadaye ukoo ulikaa kugawa vitu vyake, kama desturi ilivyo. Wazee walikaa mbele kwenye viti, wanawake tukakaa nyuma, karibu na jiko. Jembe likapata mtu, koti likapata mtu. Kinu nikaachiwa mimi na watoto, sikulalamika. Ndipo Kyalo, mdogo wake Ndolo, akasimama.

"Kuna pikipiki," akasema.

Kyalo hakuwa mwizi. Tuseme ukweli wa watu wote, hata wa wale waliotuudhi. Hakutaka kuiendesha, na hata kuiuza kwa bei nzuri hakutaka. Aliona aibu, na aibu hiyo alikuwa ameibeba miaka yote tangu ndugu yake alipoanza kubebwa na mke. "Mjane wa ndugu yangu hawezi kukaa juu ya tangi la petroli akikimbizana na wanaume," akawaambia wazee. "Watu wanatucheka. Nimeongea na mtu wa vyuma chakavu. Atakuja na gesi, akate, aibu iishe."

Nilisikia neno kukata nikasimama. Mwanamke hasimami hivyo kwenye kikao, nilijua. Nikasimama.

"Hiyo pikipiki ni yangu," nikasema. "Nimeiunganisha kwa mikono hii."

Mwenyekiti wa ukoo alikuwa Mzee Mbithi, mtu wa maneno machache, macho yake kama amesinzia. "Mama Mwende," akasema, "uliiunganishia wapi?"

"Kwenye boma langu."

"Boma la nani?"

Nilijua tunaelekea wapi. Uamuzi ukawa kwamba chenye injini kilichoko kwenye boma la Ndolo ni cha boma la Ndolo, na pikipiki ikabidhiwe Kyalo Jumamosi, aifanyie anavyoona. Mimi fundi wa watu wote, nimewatengenezea pikipiki zao hao hao wazee, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Na ikienda hiyo, zile nyingine mbili za zamani nilizokuwa nimezifungua bandani zingefuata. Nilirudi ndani nikakaa kitandani na hasira yangu.

Kesho yake nilikwenda kwa Athumani. Alikuwa amezeeka, macho hayaoni mbali, anakaa tu barazani anasikiliza pikipiki zinazopita na kutaja ugonjwa wa kila moja. Nikamweleza yote.

"Mwanangu," akasema, "pikipiki si kitu kimoja. Ni vitu vingi vilivyokubaliana."

Nikamtazama. Naye akawa anatazama barabara asiyoiona, anatabasamu kama mtu aliyesikia mandazi yanakaangwa.

"Basi," nikasema, "na vikosane kidogo."

Nilimfungua Mwingereza mchana kweupe, kwenye uwanja, kila mtu akiona. Mke wa Kyalo alipita akaniuliza naosha? Nikamwambia nasafisha kwa ajili ya Jumamosi, na hilo si uongo. Tangi nilirudisha Katangi. Mwaitu Kamene akaniambia, "Lakini uliniletea mtungi, hili si langu tena." Nikamwomba alishike tu, alining'inize pale pale kwenye nguzo yake. Katekista Petero aliipokea fremu na magurudumu yake kwa furaha isiyofichika, akaifunga kwenye zizi siku hiyo hiyo na lango langu akalihamishia shambani. Mzee Nzioka akasema pampu ya Kijapani imekuwa ikikohoa hata hivyo. Magneto nikairudisha kwenye mkebe wake wa majani chai. Kila mmoja nilimwambia sababu, na hakuna aliyesitasita. Hiyo ndiyo faida ya kutoacha shimo, vijana. Mlango uliomfungia mtu vizuri, utafunguliwa.

Jumamosi Kyalo alikuja na mtu wa vyuma, mizani, mtungi wa gesi na Mzee Mbithi wa kushuhudia. Walikuta banda limefagiliwa, na doa la oili katikati. Zile nyingine mbili za zamani nazo zilikuwa zimeshatawanyika kwa marafiki.

"Pikipiki iko wapi?" Kyalo akauliza.

"Gani?"

"Mama Mwende, usicheze na mimi!"

"Mliamua chenye injini kilicho kwenye boma la Ndolo ni cha boma. Tafuteni. Hata chini ya kitanda ingieni."

Nikawaambia wazi tangi liko kwa nani, fremu kwa nani, injini kwa nani, sikuficha hata sprokti. Kyalo akaondoka kwa hasira kwenda kuzifuata. Ndithini alikuta watoto wa katekista wanaruka juu ya lango wakibingirika, na Petero akamwuliza mbuzi wake walale wapi. Ekalakala Mzee Nzioka alimwambia anaweza kuzima injini yeye mwenyewe, mbele ya akina mama waliokuwa wakichuma nyanya, kama ana moyo huo. Mwisho akaenda Katangi kumaliza na tangi. Mwaitu Kamene alikuwa ameketi mlangoni anachambua pojo. Akamwonyesha nguzo.

"Ni lile pale, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Chukua tu kwa mkono wako."

Kyalo hakuchukua. Walionieleza wanasema hata hakunawa.

Ukoo ukaniita mara ya pili, na sasa kesi ilikuwa ya kudharau kikao. Hiyo sikubisha. Waliniuliza kama nimedharau, nikasema ndiyo. Wakanipiga faini ya mbuzi dume. Nikawajibu, "Mbuzi nitaleta. Kwa dharau niliyofanya, mbuzi mmoja ni kidogo." Wanawake kule jikoni walicheka, wakajifanya ni moshi. Na mbuzi wa faini kwetu ana sheria yake, kila mtu anaijua tangu utotoni: analetwa kwa mwenyekiti, anachinjwa, waliogombana wanakula pamoja na wazee, na akishaliwa neno lile limezikwa. Hakuna wa kulifufua, awe amefurahi au hajafurahi.

Wakanipa muda wa kutafuta mbuzi. Nilitumia muda huo vizuri. Nilikwenda Katangi, nikaenda Ndithini, nikaenda Ekalakala, na pampu ya Mzee Nzioka nikaiponya kikohozi kabla sijaomba injini. Sikupeleka chochote kwenye boma la Ndolo. Vyote vilikwenda mjini, nyuma ya msikiti, kwenye gereji ya Athumani, na mzee akakaa kwenye kiti katikati ya vyuma akishika kila kipuri kwa vidole na kukitaja jina. Taimingi aliivuta yeye, kwa karatasi yake, macho yamefumba kwa kuwa hayakuwa na faida yakiwa wazi. Mbuzi nilimtoa kwenye zizi langu, beberu mwekundu mwenye kiburi, nikamfunga kwenye kikapu cha kubebea miwa juu ya keria, kichwa nje.

Siku ya faini wazee walinisikia kabla hawajaniona. Mwingereza hana adabu ya sauti, mnamjua. Nilipanda kilima cha Mzee Mbithi polepole, beberu analia nyuma, injini inalia mbele, watoto wa njiani wanashangilia. Nilimsimamisha Mwingereza mbele ya viti. Kyalo alishasimama.

"Asi! Si hiyo hapo! Wazee, si hiyo hapo!"

"Kyalo," Mzee Mbithi akasema, "kuna mbuzi amefungwa kwenye jua."

"Lakini mzee, pikipiki..."

"Ukoo hauongei na njaa. Mbuzi kwanza."

Vijana wakamfungua beberu. Nilikwenda kukaa na wanawake karibu na jiko, nikapewa kikombe cha uji, nao wananitazama wakitaka nieleze. Sikuwa na la kueleza. Niliogopa, nawaambia kweli, kwa sababu Mzee Mbithi sikumjua ana nini nyuma ya yale macho ya usingizi. Kama angesema pikipiki imekuja na mbuzi, basi ni ya ukoo pamoja na mbuzi, ningekuwa nimempeleka Mwingereza kwa wakataji mimi mwenyewe, kwa kiburi changu. Nyama ikachomwa. Harufu ikaenea. Mzee Mbithi akakata ubavu, akaunyoosha mkono.

"Mwenye malalamiko aanze," akasema.

Kyalo alikuwa ametoka nyumbani asubuhi bila chai. Akaupokea ubavu. Akala. Akapewa mwingine, akala, na mafuta yakamchirizika mpaka kiwiko. Mimi nikaletewa kipande changu, nikala nikiwa nimemkazia macho. Wazee wakala, wanawake wakala, supu ikazunguka. Kyalo alipomaliza alijifuta mdomo, akasimama kwa ukakamavu wa mtu aliyeshiba.

"Sasa," akasema, "turudi kwa neno la pikipiki."

Mzee Mbithi alikuwa anachokoa meno kwa kijiti. Alikitoa, akakitazama.

"Neno lipi?"

"Pikipiki, mzee! Hii hapa mbele yetu!"

"Kyalo," akasema yule mzee, bila kuinua sauti, "hilo neno umelila. Ulianza wewe."

Kyalo alitazama mkono wake, mfupa bado uko. Akatazama wazee mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na shughuli kubwa na kikombe chake cha supu. Akakaa.

Niliinuka jikoni. Ipo njia ya nyuma, kando ya ghala, ambayo wake wa ukoo hupitia wakiondoka kikaoni wasikatize mbele ya wazee. Nimeipita miaka yote ya ndoa yangu. Nilikwenda kwa Mwingereza, nikarudisha wenzo wa taimingi, nikapiga kiki, akawaka. Nikamgeuza, nikapita katikati ya viti vyao.